Kabla ya kununua grainda au drili, pita kwanza kwa fundi wa kusuka mota

"Kaka, hii ni ori kabisa, ya Mjerumani." Ndivyo winga mmoja (dalali wa dukani) wa Kariakoo alivyoniambia, kashika boksi la grainda lenye bendera ya Ujerumani ubavuni na maandishi madogo ya Kichina chini. Nilicheka, halafu nikanunua. Nilikuwa na milango sita ya mninga ya kumaliza Jumapili, na grainda yangu ya zamani ilikuwa imezimika asubuhi hiyo hiyo. Ile mpya iliishi siku kumi na moja.

Nimeshaingizwa mjini zaidi ya mara moja, kwa hiyo siandiki hapa kama mtu asiyekosea. Ila siku hizi mashine zangu zinadumu, na sababu si kwamba nimetajirika. Nilibadilisha swali. Zamani nilikuwa nauliza "kampuni gani nzuri?" Swali hilo kila muuzaji ana jibu lake, na jibu huwa ni ile iliyopo kwenye rafu yake. Sasa nauliza: ikifa, nani ataifufua hapa mtaani, na kwa vipuri gani?

Hatua ya 1: Andika kazi kabla ya kuandika bei

Chukua karatasi uandike kila mashine unayoitaka na saa itakazofanya kazi kwa wiki. Usiruke hatua hii hata kama unaiona ya kitoto. Kwangu mimi grainda na randa ya umeme hazilali. Jigsoo naishika mara mbili kwa mwezi, mteja akitaka maua kwenye ubao wa kitanda. Hela yangu naipeleka kwenye zile mbili zinazofanya kazi kila siku. Jigsoo nilinunua ya bei ya chini kabisa, na mwaka wa nne huu inakata.

Anayetoboa ukuta wake mara tatu kwa mwaka hahitaji drili ya fundi wa ujenzi, na hakuna haja ya kumwonea aibu mtu.

Hatua ya 2: Nenda kwa anayezifungua

Kila mji una mtu huyu. Kibanda kidogo, meza imejaa waya za shaba, harufu ya vanishi na moshi, na ukutani kumening'inia magamba ya mashine zilizokufa. Anasuka mota za pampu, feni, drili, chochote kinachozunguka. Yeye hauzi mashine mpya, kwa hiyo hana sababu ya kukusifia jina lolote.

Nilimpelekea ile grainda ya siku kumi na moja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeua nyingine?"

Hakuiwasha. Alifungua skrubu nne, akavuta gamba, akachukua wembe akakwaruza waya wa koili, ule uliosukwa ndani ya mota. Kwa nje ulikuwa na rangi nzuri ya shaba. Wembe ulipopita mara mbili, chini yake pakatoka weupe wa sufuria. "Aluminiamu hii," akasema, "imevalishwa koti." Aluminiamu inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, kwa hiyo kwa unene ule ule wa waya inapata joto zaidi. Ukiikandamiza grainda ya namna hiyo kwenye mninga kwa nusu saa, vanishi ya koili inaungua, waya zinagusana, na unasikia ile harufu ambayo kila seremala anaijua.

Sasa, ukienda kwake usiulize "mzee, ipi nzuri?" Atakujibu kwa heshima tu. Muulize hivi: mashine zipi zinakuja kwako kubadilisha kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) na beringi peke yake, halafu zinaondoka? Hizo ndizo zinazodumu, kwa sababu kaboni na beringi ni vitu vya kuisha, kama matairi. Zipi zinakuja zikiwa zimeungua koili ndani ya mwaka wa kwanza? Zipi anakataa kuzipokea? Swali hilo la tatu ndilo zuri kuliko yote. Mzee wangu anazo aina mbili ambazo hazigusi, kwa sababu magamba yake yamegundishwa badala ya kufungwa kwa skrubu. Ukiyafungua hayarudi.

Halafu mwombe akuonyeshe droo ya vipuri. Mashine ambayo kaboni zake, swichi yake na gia zake ziko kwenye droo ya fundi wa mtaani inaweza kukuzidi umri. Mashine ambayo kila kipuri lazima kiagizwe nje ni ya kutumia na kutupa, hata kama ilikugharimu mshahara wa mwezi.

Tahadhari moja juu ya lile lundo la maiti pale nje. Usihesabu tu jina lipi limejaa. Kwa fundi gari lazima utakuta Corolla nyingi, na si kwamba Corolla ni mbovu. Ni kwamba ziko nyingi mjini. Uliza ilikufa ikiwa na umri gani na ilikuwa inafanya kazi gani. Grainda iliyokufa baada ya miaka sita kwenye karakana ya mageti imekufa kifo cha heshima.

Hatua ya 3: Jua jina linabeba nini

Jina lina maana, ila si ile tuliyokuwa tunaidhania. DeWalt, Stanley na Black+Decker ni za kampuni moja ya Marekani. Milwaukee, ambayo watu wanaisifia kwa Umarekani wake, ilinunuliwa mwaka 2005 na kampuni ya Hong Kong iitwayo Techtronic. Hitachi ya mashine za mkono ilibadili jina mwaka 2018 ikawa HiKOKI. Mtu akikuuzia "Hitachi mpya, toleo la mwaka huu", muulize maswali mawili matatu. Bosch ya bluu na Bosch ya kijani zinatoka kwa kampuni ile ile, lakini ya bluu imekusudiwa fundi na ya kijani mtu wa nyumbani. Kununua ya kijani kwa ajili ya karakana halafu kulaumu jina ni kuionea.

Na hili la "imetengenezwa China" tuliache. Makita wana kiwanda Kunshan, China. Bosch wanacho Hangzhou. Maneno hayo chini ya boksi hayathibitishi kwamba ni feki, kama vile bendera ya Ujerumani haithibitishi kwamba ni ya Ujerumani. INGCO na TOTAL ni za Kichina na hazifichi. Ubora wao unatofautiana kati ya mashine na mashine, lakini ziko kila duka la vifaa vya ujenzi, na hilo lina thamani yake siku unapotafuta swichi.

Ukishakuwa na jina na namba ya modeli, tafuta namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, ukiwa umesimama hapo hapo dukani na simu yako. Wati, mizunguko na kipenyo vilingane na vya kwenye mashine. Namba isiyopatikana kokote, au inayopatikana ikiwa na picha ya mashine nyingine, inatosha kukurudisha nyumbani.

Hatua ya 4: Soma kibandiko, halafu soma waya

Hapa ndipo uongo mwingi unapokamatwa, na hauhitaji kifaa chochote zaidi ya macho na kikokotoo cha simu.

Wati gawanya kwa volti unapata ampea. Umeme wetu ni volti 230. Grainda ya wati 850 inavuta ampea 3.7 hivi. Grainda inayojiita wati 2,200 ingevuta karibu ampea 9.6. Sasa ufuate waya wake, soma maandishi yaliyochapwa juu ya ganda lake. Ukikuta 2×0.75, maana yake nyuzi mbili za milimita za mraba 0.75, waya wa namna hiyo ni wa ampea 6 hivi. Aliyetengeneza mashine anajua inavuta kiasi gani, ndiyo maana hakuweka waya mnene. Kibandiko kimeandikwa na mtu wa kuuza, waya umechaguliwa na mtu wa kiwanda. Mimi namwamini wa kiwanda.

Kipimo kingine: Bosch ya bluu GWS 7-115, ya diski ya milimita 115, ni wati 720. Ukiona ndogo kuliko hiyo, nyepesi kuliko hiyo, kwa robo ya bei, imeandikwa wati 1,600, huna haja ya kubishana na muuzaji.

Tafuta pia herufi S. Ukikuta S1, mashine inaruhusiwa kufanya kazi mfululizo. S2 na kando yake dakika 15 au 30 maana yake ifanye kazi muda huo, halafu izimwe mpaka ipoe. Wengi hawaisomi, wanaifanyisha kazi toka asubuhi mpaka adhuhuri, halafu wanasema wameuziwa feki. Wakati mwingine ni halali kabisa, ila si ya karakana.

Mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa unaonyesha kwamba ina insulesheni maradufu, ndiyo maana waya wake hauna uzi wa tatu wa erthi. Mashine yenye gamba la chuma, isiyo na alama hiyo na isiyo na erthi, iache.

Mwisho angalia mizunguko kwa dakika, kwa sababu hii inahusu macho na shingo yako. Diski nzuri za milimita 100 huandikwa mwisho wake 15,300; za 115 ni 13,300; za 230 ni 6,600. Grainda ndogo nyingi zinazunguka 11,000 hivi. Wale wanaotoa kinga na kufunga diski kubwa iliyoliwa nusu ya grainda kubwa kwenye grainda ndogo wanafunga kitu kilichotengenezwa kwa asilimia 60 tu ya mwendo ule. Na maseremala wenzangu wanaofunga msumeno wa duara kwenye grainda: nimeona paja la kijana mmoja. Sitaeleza.

Hatua ya 5: Ishike, itikise, iwashe

Muuzaji asiyeruhusu boksi kufunguliwa ameshakujibu. Usinunue mbuzi kwenye gunia.

Anza na uzito. Shaba na chuma ni vizito, na kwa mashine mbili za wati zile zile, nyepesi sana ina kitu kimepungua ndani. Kisha shika shafti, pale diski inapokaa, uisukume juu na chini, kushoto na kulia. Kuzunguka izunguke, kucheza isicheze. Kwa drili, funga biti ndefu iliyonyooka, iwashe taratibu, angalia ncha yake kwa ubavu. Ncha ikichora duara hewani, utatoboa mayai badala ya matundu.

Tafuta vifuniko viwili vya kaboni ubavuni, vile vya duara vinavyofunguka kwa bisibisi. Mashine inayokuruhusu kubadilisha kaboni kutoka nje, bila kufungua gamba, imefikiriwa na mtu anayejua kazi. Kama haina vifuniko, si lazima iwe mbaya, kwani nyingine zinafunguliwa nyuma. Muulize muuzaji pa kupita. Akibabaika, rudi hatua ya pili.

Sasa iwashe, na usiizime baada ya sekunde tano kama watu wanavyofanya. Dakika tatu nzima, hata kama winga anakukodolea macho. Chungulia kwenye matundu ya hewa: cheche ndogo za bluu pale kaboni zinapogusa ni kawaida, hasa ikiwa mpya. Cheche za njano zinazozunguka kama pete ya moto, hapana. Harufu kidogo ya grisi mpya ni sawa, harufu ya plastiki si sawa. Weka kiganja kwenye kichwa cha gia baada ya dakika hizo tatu: uvuguvugu unaruhusiwa, ukishindwa kuacha mkono, irudishe. Zima, sikiliza inavyosimama. Beringi nzuri inashuka kwa mlio mmoja laini mpaka kimya. Ikikwaruza au ikisimama ghafla kama iliyoshikwa, hiyo tayari ina mchanga au imekazwa vibaya.

Swichi ibonyeze mara ishirini. Inachekesha kuifanya mbele za watu, lakini swichi ni kati ya vitu vinavyotangulia kufa kwenye mashine za bei ya chini.

Hatua ya 6: Za betri zina uongo wake

Utaona drili za betri zimeandikwa 48V, 88VF, 128VF na kuendelea, kana kwamba kuna mnada. Fungua betri, au uulize ina seli ngapi. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 za kawaida, na inapojaa inafika 4.2. Seli tano mfululizo ni volti 18 za kawaida, au 21 ikiwa imejaa. Ndiyo maana 18V ya kampuni moja na 20V ya kampuni nyingine ni kitu kile kile, na ndiyo maana betri ndogo ya seli tano haiwezi kuwa 88 hata ikiombewa.

Uwezo nao unapimika. Seli za kawaida zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65 hazizidi sana Ah (ampea-saa) 3.5. Betri ya seli tano za namna hiyo iliyoandikwa Ah 6 inadanganya. Kila seli ina uzito wa gramu 45 mpaka 50, kwa hiyo betri inayodai kuwa na seli kumi lazima ikaribie nusu kilo kabla hata ya gamba. Muuza nyanya wa jirani ana mizani.

Kwa karakana yenye umeme, mimi bado nanunua za waya. Za betri nachukua kwa kazi za kwa mteja tu, na nabaki kwenye jina moja ili betri na chaja ziingiliane.

Hatua ya 7: Mtumba, kwa masharti

Mashine kuukuu ya kampuni nzuri mara nyingi inaishinda mpya ya kampuni isiyojulikana, lakini angalia volti kwanza. Zinazokuja na magari kutoka Japani ni za volti 100. Za Marekani ni 120. Za kwenye ujenzi wa Uingereza, zile zenye plagi ya njano, ni 110. Nimeona mtu akikata plagi ya njano, akafunga plagi yetu ya pini tatu, akawasha. Moshi ulitoka kabla hajainua kichwa. Mashine yenye kaboni haijali sana kama umeme ni wa hezi 50 au 60, inachojali ni volti. Ukiipenda, weka na bei ya transfoma kwenye hesabu, na transfoma yenyewe iwe na uwezo unaozidi wati za mashine.

Hatua ya 8: Video na maoni ya mtandaoni

Sisemi usizitazame. Ila jiulize aliyetoa maoni aliandika lini. Nyota tano nyingi zimetolewa siku mzigo ulipofika: "Imefika salama, nimeipenda sana." Huyo amesifia boksi. Ruka nyota tano na ruka nyota moja za hasira, soma za katikati, hasa anayetaja miezi na kazi: "mwezi wa nane, nakata tofali kila siku, nimebadilisha kaboni mara moja." Na video pekee ninazozihesabu ni za mtu anayefungua gamba kwa bisibisi na kuonyesha beringi, gia na koili. Anayekata ubao mmoja laini kisha akataja namba ya simu ya duka, huyo ni tangazo.

Hatua ya 9: Risiti na wiki mbili za kwanza

Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), iandikwe modeli na si neno "vifaa" tu. Piga picha namba ya mfululizo ikiwa bado dukani. Dhamana ya mdomo ya "ikiharibika niletee" inaisha ukivuka barabara. Ukigundua umeuziwa bandia yenye nembo ya watu, Tanzania suala hilo liko chini ya Tume ya Ushindani, FCC. Risiti na picha ndizo zitakazosema kwa niaba yako.

Halafu usiipeleke nyumbani kupumzika kwenye boksi. Dhamana nyingi za madukani ni fupi, na kama ina ugonjwa wa kuzaliwa nao, nataka uonekane nikiwa bado na haki. Siku ya kwanza naiendesha bila mzigo dakika chache ili kaboni zikae vizuri, kisha naipa kazi yake ya kweli, ile ile niliyoiandika kwenye karatasi. Tumia ekstensheni fupi na nene. Waya mwembamba wa mita thelathini unashusha volti, mashine inazunguka taratibu, feni yake ya ndani haipozi, na utamlaumu Mchina bure.

Grainda niliyonayo sasa ni kuukuu, nilinunua baada ya mzee kunionyesha kwamba ana kaboni zake kwenye kopo la maziwa. Juzi nilipita kumsalimia tu, mikono mitupu. Akanitazama, akatazama nyuma yangu, akauliza, "Iko wapi?" Nikamwambia iko kazini.